Kujitolea Ughaibuni: Nani Anamtolea Nani?

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, shule za Ulaya na Marekani zinapofungwa kwa likizo ya kiangazi, mtu anayengoja mgeni wake katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta hakosi kuwaona. Huja makundi kwa makundi, wamevaa fulana za rangi moja zilizopigwa chapa ya jina la shirika, viatu vya kupandia mlima miguuni na mikoba mizito mgongoni. Aghalabu ni vijana wa umri wa miaka 18 hivi, waliokwisha kumaliza shule na bado hawajaingia chuoni. Watachimba choo cha shule kwa majuma mawili, watapanda Mlima Kenya kwa siku tano, kisha watajipumzisha katika ufuo wa Diani kabla ya kurudi makwao. Mambo yote hayo matatu hujumlishwa kwa neno moja, kujitolea, na kwa kuwa riziki yangu hutokana na kuyachungulia maneno, naomba ruhusa ya msomaji nianze na neno hilo.

Walimu wa Kiswahili wanajua jinsi lilivyoundwa. Tuna kitenzi 'toa'. Tukikitia katika kauli ya kutendea tunapata 'tolea', na tukikiambika kirejeshi 'ji' tunapata 'jitolea'. Sasa, kauli ya kutendea ina tabia moja isiyoachika, nayo ni kudai mtendewa. Ukisema 'nimepika', sentensi imetulia. Ukisema 'nimepikia', wasikilizaji watakukodolea macho wakingoja uwaambie umempikia nani. Vivyo hivyo, anayejitolea lazima awe anajitoa kwa ajili ya fulani au jambo fulani, na fulani huyo ana kiti chake ndani ya sarufi hata asipotajwa. Neno linalotumiwa na Waingereza limetoka katika Kilatini, voluntas, maana yake hiari au utashi. Hilo linamtazama mtendaji peke yake na moyo wake mkunjufu. Mtendewa hamo. Sidai kwamba watu hufikiri kama sarufi zao zilivyo, maana nadharia hiyo imewapoteza wengi katika taaluma yetu, lakini tofauti hii imenisaidia kuona kinachonitatiza katika safari hizi.

Safari za vijana, kwa asili yake, hazikuwa kazi ya huruma hata kidogo. Mwaka 1932, George Murray Levick, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, alianzisha chama cha kuwapeleka wavulana wa shule nyikani, na msafara wa kwanza ukaenda Finland. Levick alikuwa mmoja wa watu wa Kapteni Scott waliokwenda Antaktika mwaka 1910. Katika baridi kali ya mwaka 1912 yeye na wenzake watano walikwama huko, wakaishi miezi kadhaa katika pango walilolichimba kwenye theluji, wakila nyama ya sili na pengwini. Alitoka humo akiamini kwamba kijana hakomai mpaka aonje dhiki. Hakusema kwamba watu wa Finland walihitaji msaada wa wavulana wake, na kwa hilo namheshimu.

Halikadhalika Kurt Hahn, mwalimu aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, ambaye mwaka 1941 alishiriki kuanzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, ili mabaharia vijana wajifunze kustahimili bahari endapo meli zao zingezamishwa vitani. Katika miaka ya 1950 shule ya aina hiyo ilifunguliwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wetu wa mpaka, na Wakenya wasiohesabika wamepanda mlima kutoka pale. Tangu 1966 tumekuwa na Tuzo ya Rais, yenye ngazi zake za shaba, fedha na dhahabu, na walimu wanaosoma makala haya bila shaka wamewahi kulala mahemani na wanafunzi wao kwa ajili yake. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba kutafuta ujasiri milimani ni wazimu wa Wazungu peke yao.

Mkondo wa pili ulianza mwaka 1958. Mwezi wa Machi mwaka huo, Launcelot Fleming, Askofu wa Portsmouth, aliandika barua katika gazeti la Sunday Times la London, akisihi kwamba vijana waliomaliza shule wapewe nafasi ya kutumika mwaka mmoja katika nchi za ng'ambo. Wazo lilikuwa la Alec Dickson na mkewe Mora, na kutokana nalo likazaliwa shirika la VSO. Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni kwamba askofu huyo naye alikuwa mtu wa barafu: alikuwa kasisi na mwanajiolojia wa msafara wa Waingereza katika Graham Land, Antaktika, kati ya 1934 na 1937. Kwa hiyo mikondo miwili, ule wa kujipima nguvu na ule wa kuwahudumia wengine, ilikutana tangu mapema ndani ya watu wale wale, na hadi leo haijatenganishwa vizuri.

Wamarekani hawakuchelewa. Usiku wa manane wa tarehe 14 Oktoba 1960, John Kennedy, akiwa bado mgombeaji urais, aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan ni wangapi miongoni mwao wangekubali kwenda kufanya kazi Ghana na kwingineko. Tarehe 1 Machi 1961, akiwa rais, alitia sahihi amri iliyounda Peace Corps. Mnamo Agosti 30 mwaka huo huo, walimu wapatao 50 waliteremka kutoka ndegeni mjini Accra, wakajipanga mbele ya wenyeji wao, wakaimba kwa Kitwi. Najua kwamba wimbo mmoja uliokaririwa si lugha. Hata hivyo, palikuwa na mtu aliyekaa akafikiri kwamba ni adabu kuingia katika nyumba ya watu kwa salamu ya nyumba hiyo.

Haikupita miezi miwili yakatokea ya Ibadan. Msichana mmoja wa Peace Corps aliyekuwa katika chuo kikuu cha huko Nigeria alimwandikia rafiki yake wa Marekani postikadi, akimsimulia uchafu na unyonge wa maisha aliyoyakuta. Kadi ikadondoka kabla ya kutumwa. Wanafunzi wakaiokota, wakaichapa nakala, wakaisambaza, kisha wakaandamana, na msichana yule hakuwa na budi kuondoka. Wapo waliosema wanafunzi walitia chumvi, kwani aliyoyaandika hayakuwa uongo mtupu. Nionavyo mimi, kilichowauma ni kugundua kwamba wao, waliodhani wanazungumza na mwenzao, walikuwa kumbe ni mada ya mazungumzo yake na mtu mwingine aliye mbali. Siku hizi kadi hizo hazidondoki. Hupigwa kwa simu na kuonyeshwa ulimwengu mzima kabla ya chakula cha jioni, mtoto asiyejulikana jina akiwa amepakatwa na mgeni aliyemjua tangu asubuhi. Mwaka 2012 wanafunzi wa Norway wenyewe walitunga mzaha juu ya tabia hii: wakatengeneza filamu fupi ambamo Waafrika wanachangisha vifaa vya kupasha joto ili kuwaokoa Wanorway wasife kwa baridi. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba hata mzaha wetu umetungwa na wao.

Mkosoaji mkali kuliko wote alikuwa kasisi mwenye asili ya Vienna, Ivan Illich, aliyeendesha chuo huko Cuernavaca, Mexico, ambako wageni walijifunza Kihispania kabla ya kwenda kufanya kazi Amerika ya Kusini. Mnamo Aprili 1968 alialikwa Chicago kuwahutubia wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wakijiandaa kwenda Mexico kusaidia vijijini wakati wa likizo. Aliwaambia ana kwa ana kwamba waje kutazama, waje kujifunza, hata milima waje waipande, ila wasije kusaidia. Miongoni mwa hoja zake ipo moja ambayo mtu wa isimu haiachi ipite: kwamba asiyeweza kuzungumza na watu hawezi kujua wanataka nini, na wala hawezi kutambua siku wanayomwambia kwa heshima kwamba wamemchoka.

Naikubali hoja hiyo, lakini siifuati hadi mwisho wa njia aliyoichukua Illich, na sababu yangu imo katika historia ya shule zetu. Baada ya uhuru, shule za harambee zilichipuka kila pembe ya nchi pasi na walimu. Vijana wa Peace Corps na wa VSO walifundisha hisabati na sayansi katika nyingi kati ya hizo, na mpango wa Peace Corps uliendelea nchini kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi uliposimamishwa mwaka 2014 kwa sababu za usalama. Wamo wazee wetu waliofundishwa na vijana hao na wanaowakumbuka kwa majina. Tofauti iko wapi? Kijana wa Peace Corps husomeshwa lugha kwa majuma yapatayo kumi, akilala katika nyumba ya wenyeji, kisha hutumika miaka miwili. Miaka miwili inatosha kwa mtu kuchekwa, kukosea ngeli mbele ya darasa, kukosana na mwalimu mkuu, kupatana naye, na kuhudhuria mazishi. Anayekaa majuma matatu huondoka angali akisema 'jambo', yaani salamu ile tuliyoikatakata na kuwawekea watalii kando, kama kikombe cha wageni kabatini. Anayeuliza 'hujambo?', akatulia kungoja jibu, ameshavuka kizingiti.

Nilikuwa darasa la sita mwaka 1992, katika shule moja ya milima ya Taita, wakati kundi la vijana kumi na wawili wa ng'ambo lilipokuja kutujengea tangi la maji. Tuliwapenda mno. Walicheza nasi kandanda, wakatugawia penseli. Lakini palikuwa na fundi wa kijiji, mtu aliyejenga nusu ya nyumba za mawe katika lokesheni yetu, aliyeweza kupima ukuta kwa jicho kabla ya kushusha timazi. Kwa majuma matatu fundi huyo alichota maji na kukoroga saruji, huku mwiko ukiwa mikononi mwa watoto wa watu ambao hawakuwa wamewahi kuushika, kwa kuwa wao ndio waliokuja kujenga na picha zilitaka hivyo. Hakulalamika. Kila jioni alikagua mistari ya mawe kimya kimya, akiugonga ukuta kwa kidole hapa na pale. Tangi lile lingali linashika maji hadi leo, na sharti niseme hivyo kwa haki. Nauli ya kijana mmoja tu kati ya wale kumi na wawili ingemlipa fundi kwa miezi mingi, na angalipata mwanagenzi wa pale pale kijijini wa kumrithisha kazi.

Tuna methali tuliyoizoea kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Wageni wa siku hizi huja na jembe lao siku ya kwanza, hulima walipopachagua wao, na siku ya tatu wamekwisha kwenda kuwaona simba. Methali inadhani kwamba mwenye shamba ndiye anayetoa jembe. Lugha zetu zina maneno mengi ya kazi ya pamoja: mwethya kwa Wakamba, ngwatio kwa Wagikuyu, saga kwa Waluo, risaga kwa Abagusii. Katika hizo zote, anayesaidiwa leo hushika jembe pamoja na wasaidizi wake, na kesho anatarajiwa shambani kwao. Zamu ndiyo inayomwondolea haya ya kusaidiwa. Vijana wale wa mwaka 1992 hawakuwa na njia ya kupokea zamu yetu, nasi hatukualikwa kwenda kuchimba chochote kwao.

Yaliyo machungu zaidi yamo katika vituo vya watoto. Kwa miaka mingi 'kujitolea katika nyumba ya mayatima' kulikuwa bidhaa iliyouzwa Ulaya na Marekani kama vyumba vya hoteli, ilhali inafahamika kwamba watoto wengi wanaolelewa katika vituo hivyo wana mzazi au jamaa aliye hai. Mgeni analipa, kituo kinahitaji watoto ili mgeni aje, na mtoto anabaki humo. Kila mwezi mtoto huyo hufundishwa kumpenda mtu mpya, kisha humpungia mkono. Mwaka 2016 mahakama moja ya Oklahoma, Marekani, ilimfunga kijana miaka 40 kwa kuwadhulumu kingono watoto wa kituo kimoja hapa Kenya alikokuwa akijitolea. Hatuwezi kuwahukumu maelfu kwa uovu wa mmoja, ila ni halali kuuliza ni shule gani ya chekechea huko Oklahoma ambayo ingempokea Mkenya wa miaka 19, asiye na cheti wala barua ya polisi, na kumwachia watoto usiku. Mnamo Novemba 2017 serikali yetu ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto, na mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032 unakusudia kuwarudisha watoto katika familia. Mwalimu mkuu ambaye bado anawapeleka wageni 'kuwaona mayatima' baada ya kuikagua shule yake yafaa ayatafakari hayo.

Wenye misafara nao wamebadilika, na si vizuri kuwanyima sifa. John Blashford-Snell, kanali wa jeshi la Uingereza, aliongoza Operation Drake kati ya 1978 na 1980, merikebu ikizunguka dunia na vijana wa mataifa mbalimbali, na Kenya ilikuwa mojawapo ya vituo vyao. Mwaka 1984 ikafuata Operation Raleigh, iliyokuja kuitwa Raleigh International. Ni kwa shirika hili ambapo Mwanamfalme William alikwenda Tortel, kusini mwa Chile, mwaka 2000, na picha yake akisugua choo ikaenea magazetini. Nimekuwa nikitamani picha hiyo ibandikwe katika mabweni ya vyuo vyetu, ambako msomi wa mwaka wa kwanza hujiona amekwisha kuuaga ufagio. Kisha, kuanzia 2011, serikali ya Uingereza iligharimia mpango wa ICS, ambamo kijana wa Uingereza alifanya kazi bega kwa bega na kijana mwenzake wa nchi mwenyeji, wakiishi katika nyumba moja. Huo ulikuwa karibu na mwethya kuliko mingine yote, kwani mmoja alikuwa na lugha na mwingine hana, na asiye nayo alilazimika kusikiliza. Mpango huo haupo tena. Raleigh International nayo ilifilisika mwaka 2022, ingawa jina lake limefufuliwa baadaye.

Na vijana wetu je? Mlango wa upande wa pili si mpana, lakini upo. Mpango wa Ujerumani uitwao weltwärts ulianza mwaka 2008 kwa kuwatoa Wajerumani kwenda ng'ambo, na tangu 2013 umekuwa ukiwapokea pia vijana kutoka nchi kama zetu kwa mwaka mmoja wa kutumika huko. Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda kwa njia ya aina hiyo, akawekwa katika shule ya chekechea. Kabla ya kupewa viza aliambiwa ajifunze Kijerumani kwanza, sharti ambalo sijasikia likitolewa kwa upande wa pili. Alinieleza kwamba kwa miezi mitatu hakumsaidia mtu yeyote. Watoto wa miaka minne walimsahihisha jinsia za nomino, wakicheka, na mwalimu mkuu wa pale akamwachia kazi ya kufunga kamba za viatu hadi ulimi wake ulipolegea. Hakuna aliyemwita mkombozi. Aliitwa mwanafunzi, na jina hilo lilimstahili. Aliporudi alikuwa amejifunza lugha, amepanda Milima ya Alps mara mbili kwa nauli yake mwenyewe, na alikuwa na maswali kuhusu jinsi tunavyowatunza wazee ambayo mimi mwalimu wake sikuweza kuyajibu.

Wala si lazima mtu avuke bahari. Wanafunzi wa Starehe wamekuwa wakitumika kwa hiari wakati wa likizo katika hospitali na afisi za umma tangu enzi za Geoffrey Griffin. Nigeria, baada ya vita vya Biafra, ilianzisha mwaka 1973 utaratibu wa kuwatuma wahitimu wa vyuo vikuu mwaka mmoja katika majimbo yasiyo yao. Nawaza kijana wa Nyeri akitumika mwaka mzima Garissa, au wa Kisumu akitumika Lamu na kurudi na Kiamu kidogo ulimini. Hizo nazo ni safari za mbali.

Mwaka huu, katika semina moja ya walimu, mwalimu mkuu wa shule ya upili alinionyesha barua aliyoipokea kutoka ng'ambo. Vijana kumi na sita walitaka kufika shuleni kwake Agosti kwa majuma matatu, kupaka rangi madarasa na 'kuwafundisha wanafunzi Kiingereza'. Aliniuliza afanye nini, kwani alihofia kuonekana mtovu wa shukrani. Tuliketi chini ya mwembe tukaandika jibu pamoja. Tuliwakaribisha kwa moyo mmoja. Tukaomba juma la kwanza wasome Kiswahili kwa walimu wa shule hiyo, kwa malipo. Tukaeleza kwamba rangi itapakwa na fundi wa pale, nao wakitaka watakuwa vibarua wake, na kwamba hawatapiga picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwishoni tukauliza shule yao ingeweza kuwapokea wanafunzi wetu wangapi mwaka unaofuata, kwa majuma matatu, na wangewapa kazi gani.

Barua ilipelekwa posta Aprili. Mwalimu alinipigia simu juma lililopita kuniambia kwamba fundi ameshanunua rangi. Jibu la wageni bado halijafika.